Mizani Ikiruka Soja Akibonyeza Redio: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Kupima Ustahimilivu wa Vifaa

Ukurasa huu ni wa watu wa Nairobi wanaounda, wanaoagiza au wanaokarabati vifaa vya kielektroniki: mizani, mita za maji, chaja za pikipiki za umeme, mashine za hospitali, vidhibiti vya pampu. Maswali ni yale ninayoulizwa kila wiki, mengine kwa simu, mengine nikiwa nimeinamia bodi ya mtu. Sikuyapanga kwa ustadi. Anza na lile linalokuuma.

Kwani kupima ustahimilivu ni kupima nini?

Ni kukiwasha kifaa, kukiacha kifanye kazi yake ya kila siku, kisha kukimwagia mawimbi ya redio ya nguvu inayojulikana, masafa baada ya masafa, huku mtu akitazama kama kitayumba. Nia si kukiunguza. Tunataka kujua kama namba zitaruka, kama skrini itaganda, kama relei itafunguka bila kuamriwa.

Wengi hukichanganya na kipimo pacha, kile cha kelele ambazo kifaa chenyewe hutoa. Fikiria wapangaji wa ploti moja. Kipimo cha utoaji kinauliza kama wewe unawakosesha majirani usingizi. Kipimo cha ustahimilivu kinauliza kama wewe unaweza kulala jirani akifungulia spika. Kuna wanaofaulu kimoja na kuanguka kingine, na kwa uzoefu wangu wengi huanguka hiki cha pili kwa sababu hawakujua kipo.

Kifaa changu hakina redio wala antena. Mawimbi yataingilia wapi?

Antena kinazo, ila hukuzinunua kwa jina hilo. Waya wa umeme ni antena. Waya wa sensa ni antena. Kebo ya USB ni antena. Mawimbi ya megahezi 100, katikati ya bendi ya FM, yana urefu wa mita 3, na waya wa robo ya urefu huo, sentimita 75, huyapokea vizuri sana. Pima waya wa kifaa chako uone. Kwenye megahezi 900 robo hiyo ni sentimita 8 tu, kwa hiyo hata njia za shaba kwenye bodi huanza kusikiliza.

Mawimbi yakishaingia hukutana na transista au dayodi, na viungo vya semikondakta vina tabia ya kupitisha umeme upande mmoja kuliko mwingine. Hapo wimbi la kasi ambalo saketi yako isingeliona hugeuka kuwa volti ndogo ya taratibu, na hiyo saketi inaiona. Kila aliyewahi kupanda matatu enzi za 2G anaujua mlio ule wa spika sekunde chache kabla simu ya abiria kuita. Simu ya GSM hurusha kwa vipande, kipande kimoja kila milisekunde 4.615, sawa na mara 217 kwa sekunde. Amplifaya ya redio ya gari ilikuwa ikivigeuza vipande hivyo kuwa sauti. Hakukuwa na kitu kibovu.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye bucha moja Kariobangi. Mizani mpya ya dijitali ilikuwa ikiongeza gramu mia mbili, mia tatu, kisha inarudi yenyewe. Wateja walishaanza kumtazama mwenye bucha vibaya. "Fundi, hii kitu iko na mapepo," aliniambia. Nikamjibu, "Mzee, acha tukae kidogo tuyaone." Nilikaa saa mbili nikinywa chai. Soja wa godauni la jirani alipenda kusimama mlangoni pa bucha akipiga gumzo, na kila alipobonyeza simu yake ya upepo, ile redio ya mkononi, kuripoti, nyama ilipata uzito. Akiachia, uzito unashuka.

Hesabu yake si ya ajabu. Sensa ya mizani kama ile, ya kilo 30, hutoa kama milivolti 10 ikibeba mzigo wote. Gramu 5 basi ni mikrovolti 1.7 hivi. Mawimbi yakikuongezea mikrovolti 70 umeshauza gramu mia mbili za hewa.

Mbaya zaidi si busta iliyo juu ya ghorofa letu?

Kwa kawaida, hapana, na hili ndilo jambo ambalo ningependa watu wa Nairobi walishike kuliko yote kwenye ukurasa huu. Tunaogopa mnara wa mbali na kusahau kirushio kilicho mfukoni.

Kadirio la haraka ni hili: chukua kipeuo cha pili cha wati, zidisha kwa 7, gawa kwa umbali wa mita. Jibu ni volti kwa mita, kipimo cha nguvu ya mawimbi pale kifaa kilipo. Kituo cha FM cha wati 10,000 kikiwa kilomita 2 kutoka kwako kinakupa kama 0.35. Simu ya upepo ya wati 5 ikiwa mita 1 inakupa zaidi ya 15. Simu ya 2G kwenye megahezi 900, ikirusha wati 2 zake zote, inakupa karibu 10 kwa mita 1. Hata ruta ya Wi-Fi ya wati 0.1, ukiiweka sentimita 20 kutoka kwenye kifaa, inafika 11. Ukikaribia namna hiyo kanuni huanza kupinda, lakini picha ni ileile.

Tena simu hurusha kwa nguvu zaidi mahali ambapo mtandao ni dhaifu. Karibu na busta inanong'ona. Kwenye beismenti ya jengo la mjini inapiga kelele. Mtu akilalamika kwamba kifaa kinasumbua ghorofa ya chini tu, mimi huanzia hapo.

Maabara hufanya nini ndani ya kile chumba?

Kiwango kinachofuatwa kwa mawimbi ya hewani ni IEC 61000-4-3, cha shirika la kimataifa la viwango vya umeme. Babu yake, IEC 801-3 ya mwaka 1984, aliishia megahezi 500. Simu zilipopanda masafa, kiwango kikapanda nazo, na sasa kinafika gigahezi 6.

Chumba ni sanduku kubwa la chuma. Ndani yake kuta na dari zimevikwa vigae vya feraiti na sponji zilizochongwa kama piramidi, zilizochanganywa na kaboni, ili mawimbi yamezwe badala ya kurudi kama mwangwi. Chuma chenyewe kina kazi yake, kuyazuia mawimbi yasitoke nje: huwezi kurusha mawimbi kuanzia megahezi 80 hadi gigahezi kadhaa uwanjani ukategemea ndege, polisi na vituo vya FM wakuvumilie. Masafa yana wenyewe, na Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya ya 1998 haina mzaha na anayerusha bila kibali.

Kabla ya kifaa chochote kuingia, chumba kitupu husawazishwa. Mbele ya antena, kwa kawaida mita 3, kunachorwa mraba wa hewa wa mita 1.5 kwa 1.5, ukianzia sentimita 80 kutoka sakafuni, na nguvu ya mawimbi hupimwa katika nukta 16. Angalau nukta 12 lazima zifike nguvu iliyolengwa bila kuipita zaidi ya maradufu. Fundi mzuri huijua ramani hiyo kama kiganja chake.

Ndipo kifaa kinawekwa juu ya meza isiyo ya chuma, nyaya zake zikiachwa wazi mbele ya antena. Masafa yanapanda kwa hatua ya asilimia 1 ya masafa ya wakati huo, na kwenye kila hatua mashine inasubiri muda wa kutosha kifaa kuonyesha kama kimeguswa. Upande wa mbele ukiisha, kinageuzwa. Pande nne, na kila upande mara mbili: antena ikiwa wima, kisha ikiwa imelala. Hakuna mtu ndani. Tunatazama kupitia kamera. Nimewahi kuona kamera ikifeli kabla ya kifaa, na asubuhi nzima ikaisha hivyo.

Mbona mawimbi hayarushwi yakiwa yametulia, yanatikiswa?

Kwa sababu wimbi lililotulia huleta kosa lililotulia, na kosa lililotulia hujificha. Kwa hiyo wimbi hupandishwa na kushushwa mara 1,000 kwa sekunde, kwa kina cha asilimia 80. Angalia mtego wake: ukisikia "volti 10 kwa mita", hiyo ni kabla ya kutikiswa. Likitikiswa kilele kinafika 18. Anayejitengenezea kipimo nyumbani bila kujua hili anajipima kwa huruma.

Nipime kwa volti 3 au 10?

Tafuta kwanza kiwango cha bidhaa yako, kisha uulize. Kama hakuna cha bidhaa, kuna viwango vya jumla: IEC 61000-6-1 kwa nyumba na maduka, ambako msingi ni volti 3 kwa mita, na IEC 61000-6-2 kwa viwanda, ambako ni 10 kwenye masafa ya chini ya gigahezi 1. Vifaa vya tiba vina IEC 60601-1-2, ambayo huomba 3 kwa mashine ya hospitali lakini 10 kwa ile inayotumiwa nyumbani, kwa maana nyumbani hakuna nesi wa kumwambia mtu aweke simu mbali. Pia ina orodha ya masafa ya simu na redio za mkononi yanayopimwa kwa karibu, mengine hadi 28.

Maoni yangu: hapa kwetu mstari kati ya nyumba na kiwanda umefutika. Fundi wa kuchomelea yuko chini ya ghorofa la kupanga, soja yuko kila lango na simu ya upepo. Ukiweza kumudu, lenga 10 hata kama karatasi inakuomba 3. Ila jua bei yake: kutoka 3 hadi 10 nguvu ya amplifaya inazidishwa mara 11, si mara 3.

Nimeambiwa kuna kipimo kingine cha kupitia nyaya. Ni lazima?

Karibu kila mara, ndiyo. Chini ya megahezi 80 mawimbi ni marefu mno. Kwenye kilohezi 150 wimbi moja lina kilomita 2. Kifaa chenyewe ni kidogo hakikamati kitu, lakini nyaya zake zinakamata. Kwa hiyo IEC 61000-4-6 haisumbuki na antena: inasukuma mawimbi moja kwa moja kwenye waya, kuanzia kilohezi 150 hadi megahezi 80, kwa kifaa cha kuunganishia au kibanio kinachoukumbatia waya. Gharama yake ni ndogo na hakihitaji chumba kile kikubwa. Kama una pesa ya kipimo kimoja tu cha majaribio, anza na hiki.

Na radi, stima kupotea na kurudi, na cheche za kidole?

Hayo yana vipimo vyake: 61000-4-5 kwa mawimbi makubwa ya radi, 4-11 kwa stima inayozama na kukatika, 4-2 kwa cheche. Usimruhusu mtu akuambie kipimo cha redio kimeyafunika.

Kufaulu maana yake nini?

Hapa ndipo ugomvi ulipo. Kuna ngazi tatu. A: kifaa kiliendelea na kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. B: kiliyumba, kikajirekebisha chenyewe. C: kiliyumba, mtu akalazimika kukizima na kukiwasha. Kwa mawimbi ya redio, ambayo hayapiti mara moja na kuisha, wanaotahini huomba A.

Lakini "kana kwamba hakuna kilichotokea" ni nani anayepima? Wewe. Kabla ya siku ya kipimo lazima uandike kosa gani unalikubali: sensa ya joto isitoke zaidi ya nusu digrii, pampu isibadili mwendo zaidi ya asilimia fulani. Mizani ya biashara imeandikiwa tayari, kosa lisipite kipande kimoja cha uhakiki, yaani hatua ya uzito ambayo mizani ilihakikiwa kwayo. Ukifika maabara bila karatasi hiyo, kijana wa maabara atakutazamia taa ya kijani, na taa ya kijani huwaka hata mizani ikidanganya.

Kifaa changu kina modemu ya simu ndani. Si kitafeli kwenye masafa yake mwenyewe?

Masafa ambayo kipokezi chake kinasikiliza huachwa kwenye kipimo. Mengine yote hayakuachi.

Inachukua muda gani?

Kutoka megahezi 80 hadi gigahezi 1 kwa hatua za asilimia 1 kuna hatua kama 254. Kama kifaa chako kinahitaji sekunde 3 kuonyesha kosa, upande mmoja unakula dakika 13 hivi. Pande nne mara mbili ni zaidi ya saa moja na dakika arobaini, bila kuhesabu kugeuza meza, na bado hujavuka gigahezi 1. Kama mzunguko wa kifaa chako ni wa sekunde 30, piga hesabu mwenyewe ulie. Ndiyo maana nawaambia watu waandike programu maalumu ya kipimo inayozungusha kazi zote upesi. Maabara hutoza kwa saa.

Naweza kujipima mwenyewe kabla ya kulipa?

Unaweza, na ufanye. Haitakuwa hati, lakini itakuokolea safari.

Chukua simu ya upepo yenye leseni. Washa kifaa, tandaza nyaya zake zote urefu wake halisi, usizikunje. Bonyeza ukiwa mita 3, kisha 1, kisha nusu mita. Usisimame mbele ya skrini tu. Tembea kandokando ya nyaya, maana huko ndiko mlango uliko. Shika redio wima, kisha ilaze. Bonyeza na kuachia, bonyeza na kuachia, ili kosa lionekane. Kisha chukua simu ya kawaida, ilazimishe kutumia 2G kama bado inakubali, shuka nayo mahali pa mtandao dhaifu, piga, na uipitishe polepole karibu na boksi. Mwishowe washa drili ya zamani yenye brashi kwenye soketi ileile. Hiyo ya drili si kipimo cha redio kabisa, ila imenifichulia mengi.

Andika kila kitu: umbali, mkao, waya gani uliguswa. Usinunue kizibio cha mitandao kinachouzwa kichinichini ukidhani ni mashine ya kupimia. Utamkosesha mtu mwingine simu ya dharura, na ni kosa la jinai.

Nimefeli. Nianzie wapi?

Usianze na kupaka boksi rangi yenye chembe za chuma. Anza na nyaya. Chomoa waya mmoja baada ya mwingine na urudie masafa yaliyokuangusha. Tatizo likitoweka umempata mwizi.

Mvike mwizi huyo feraiti, ile bangili nyeusi uionayo kwenye nyaya za kompyuta, karibu kabisa na mahali anapoingilia boksini. Ikiwekwa katikati ya waya hufanya kazi nusu. Waya ukipita ndani mara mbili, nguvu ya kuzuia huongezeka karibu mara nne kwenye masafa ya chini. Luthuli Avenue utazipata, ila ziko za masafa tofauti na muuzaji hatajua. Nunua aina tatu ujaribu.

Kwenye bodi, weka kapasita ndogo, za pikofaradi 100 hadi nanofaradi 1, pale waya wa sensa unapoingia, mguu wake mwingine ukienda ardhi kwa njia fupi kuliko zote. Njia ya sentimita 3 kwenda ardhini inaweza kuifanya kapasita isiwe na maana. Mizani ya Kariobangi ilipona kwa kapasita nne na feraiti moja. Soja aliendelea kupiga gumzo mlangoni.

Kama waya una ngozi ya shaba, ngozi hiyo ishikwe na boksi kuzunguka pande zote. Mafundi wetu wengi huisokota iwe waya mmoja na kuichomelea kwenye pini. Kwa stima ya 50 Hz ni sawa, kwa megahezi 400 ni kama hujafanya kitu. Boksi la chuma nalo: kwangua rangi pale vifuniko vinapokutana, maana rangi ni kizuizi. Na ujue kwamba ufa mrefu ni mbaya kuliko tundu kubwa la duara. Ufa wa sentimita 15, hata uwe mwembamba kama kadi, kwenye gigahezi 1 ni mlango wazi.

Programu husaidia pia. Soma sensa mara nyingi, tupa masomo yasiyowezekana, usikubali uzito kuruka gramu 300 na kurudi ndani ya sekunde. Lakini mtu akianza kutibu kwa programu tu, najua bado hajachomoa waya hata mmoja.

Muuzaji wa ng'ambo amenitumia ripoti, na kuna alama ya CE. Inatosha?

Alama ya CE kwa vifaa vingi ni kauli ya mtengenezaji mwenyewe kwamba ametii maagizo ya Ulaya, likiwemo 2014/30/EU linalohusu mambo haya. Mkweli anayo, na mwongo anayo.

Isome ripoti. Tafuta kama ina sehemu ya ustahimilivu, maana nyingi nilizoletewa zina utoaji peke yake. Tafuta kiwango na mwaka wake, volti kwa mita, hatua, muda wa kusubiri, na picha. Picha ndizo husema ukweli: je, kifaa kilichopimwa ni kile ulichonunua, na nyaya zilikuwepo? Nimewahi kuona kidhibiti cha pampu kilichopimwa bila waya wowote isipokuwa wa stima. Hakika kilifaulu. Mwisho, maabara iwe na ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha umahiri wa maabara, na kipimo hiki kiwe kimetajwa ndani ya upeo wa ithibati hiyo. Hapa Kenya wanaotoa ithibati ni KENAS.

Niende KEBS au Mamlaka ya Mawasiliano?

Kifaa kinachorusha au kuunganishwa na mtandao wa mawasiliano, anza na Mamlaka ya Mawasiliano, Waiyaki Way, kwa idhini ya aina, yaani kibali cha modeli hiyo ya kifaa. Ubora na viwango vya bidhaa kwa jumla ni kazi ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, Popo Road, South C. Vingine hupitia kote kuwili. Peleka ripoti kamili, si ukurasa wa kwanza.

Mawimbi haya yanadhuru watu?

Kipimo hiki hakizungumzii afya. Usalama wa binadamu una mipaka yake tofauti. Chumbani hatuingii mashine ikirusha, basi.

Nilifaulu mwaka juzi. Nimebadilisha adapta ya stima tu, nyingine ya bei nafuu. Nirudie?

Rudia. Kilichopimwa ni kifaa pamoja na nyaya na adapta yake. Mteja wangu mmoja alibadilisha adapta kuokoa shilingi mia mbili kwa kila kifaa. Mpya haikuwa na feraiti wala kichujio, na waya wake ulikuwa sentimita 75 kamili.